Daftari la fundi redio wa Musaga, Bujumbura

Jumanne, 20 Januari 2015

Bob Rugurika aliitwa kwa mwendesha mashtaka leo asubuhi na hakurudi kazini. Jioni redio ya RPA imetangaza yenyewe kwamba Bob, mkurugenzi wake, amefungwa Mpimba. Gereza hilo lipo hapa hapa Musaga. Habari ilipotoka, wateja waliokuwa wakisubiri redio zao kibandani waliacha mazungumzo yote. Mzee mmoja akasema, "Basi wamemleta kwetu." Hakuna aliyemjibu.

Sababu tunaijua. Masista watatu wa Kiitalia waliuawa Kamenge Septemba mwaka jana. Polisi walionyesha mshukiwa mmoja haraka sana, na ilionekana faili imefungwa. RPA haikukubali kufunga. Mwezi huu imerusha vipindi mfululizo, na ndani yake sauti ya mtu anayesema alikuwamo katika kundi la wauaji, akitaja wakubwa wa usalama. Sasa mwandishi aliyeirusha sauti hiyo ndiye anayeshtakiwa kushiriki mauaji.

Namkumbuka mwandishi Hassan Ruvakuki wa redio Bonesha na RFI Kiswahili. Alikamatwa mwaka 2011 kwa sababu alikwenda kuwasikiliza watu waliojitangaza kuwa waasi. Akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha kikapunguzwa kuwa miaka mitatu, akatoka 2013. Siku alipohukumiwa nilidhani ndiyo mwisho wa redio kuthubutu. Sivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 22 Januari 2015

Wamemhamishia Bob gereza la Muramvya, mbali na jiji.

Mwanangu wa pili ameniuliza kwa nini nahangaika kwa ajili ya mtu ambaye hatujawahi hata kula naye. Amezaliwa 2001, mwaka ule ule RPA ilipoanza. Hajui jiji lilikuwaje kabla ya hapo, na mimi sijawahi kumsimulia vizuri. Nitaandika hapa, siku moja asome.

Miaka ya 1994 na 1995 redio ilikuwa kitu cha kuogopwa. Kutoka Rwanda tulisikia RTLM. Kutoka upande wa Uvira ikaja Rutomorangingo, nayo ilihubiri chuki kwa Kirundi safi, kwa sauti ya mtu anayekujua. Redio ya taifa ilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Musaga ilikuwa karitiye ya Watutsi, Kamenge ya Wahutu, na mtu wa kule hakuthubutu kukanyaga huku. Baba yangu alikuwa mtu wa Buyenzi, tulikua na Kiswahili nyumbani, na zaidi ya mara moja Kiswahili kiliniokoa kwenye vizuizi, kwa kuwa wavulana wenye mapanga hawakujua wanihesabu upande gani. Wakati huo nilitengeneza redio nikijua kabisa mtu anakwenda kusikiliza nini. Nilikuwa na familia ya kulisha.

Mwaka 1995 ikaja Studio Ijambo, Wahutu na Watutsi wakikaa meza moja kutengeneza vipindi. Mke wangu hakukosa hata mara moja tamthilia ya Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, hadithi ya majirani wawili wa makabila mawili. Mwaka 1996 ikaja Umwizero, ambayo baadaye ikawa Bonesha. Halafu 2001 Alexis Sinduhije akafungua RPA, na jambo lililotushangaza ni watu aliowaajiri. Kati yao walikuwamo waliobeba silaha, wa huku na wa kule. Kijana wa Musaga alitoka na mwenzake wa Kamenge, wakiwa na kinasa sauti kimoja, kwenda kuuliza maswali katika karitiye ambazo miaka michache nyuma mmoja wao asingetoka hai.

Hilo ndilo ninalotaka mwanangu alijue kuhusu RPA kabla hajasikia mengine yote. Na mengine yapo. Sinduhije aliacha redio mwaka 2007 akaingia siasa, akaanzisha chama chake cha MSD, na tangu hapo kila RPA inapoikosoa serikali, wakubwa husema ni redio ya chama. Naona alikuwa na haki ya kugombea kama raia mwingine yeyote. Lakini mzigo huo uliwaangukia waandishi waliobaki, ambao hawakugombea chochote.

Alhamisi, 19 Februari 2015

Bob ametoka! Jana mahakama iliamuru aachiwe kwa dhamana ya faranga milioni 15. Leo jiji halikufanya kazi. Vijana wa kijiwe chetu waliondoka alfajiri kwa miguu kuvuka mji mzima kwenda kumpokea kwenye barabara ya Muramvya. Mimi nilifunga kibanda saa nne, jambo nisilolifanya hata siku za misiba midogo.

Sijaona umati wa namna ile tangu nizaliwe. Maelfu kwa maelfu. Watu wa Kamenge, wa Cibitoke, wa Nyakabiga, wa Buyenzi, wa Musaga, wote wakiimba jina moja, na nilitafuta kwa macho kuona kama kuna kundi limejitenga upande wake. Halikuwepo. Mwanamke mmoja karibu nami alibeba redio ndogo kichwani, imefunguliwa sauti ya mwisho, ikimtangazia umati ule ule aliokuwa ndani yake. Anasikia kwa masikio yake na bado anataka kusikia redio ikisema. Nilimwelewa kabisa. Jambo likishatangazwa limekuwa kweli kwa kila mtu. Hakuna atakayekuja kesho kukuambia umati haukuwepo.

Jumatano, 11 Machi 2015

Maji ya mtaa wa Gikoto yamerudi. Nataka kuandika hasa namna yalivyorudi, kwa sababu siku za Bob watu walizungumzia majenerali na masista, wakasahau kazi ya kila siku ya redio ambayo ndiyo iliyofanya watu wale waingie barabarani.

Bomba lilikauka kabla ya mwezi huu kuanza. Kina mama walikwenda kwa shefu wa karitiye, akawaelekeza zoni. Zoni ikawaelekeza komini. Komini ikasema suala ni la wenye maji. Kwa wenye maji waliambiwa waandike barua. Wakati huo walikuwa wakinunua bidoni mtaani, na wasio na fedha wakiteka mtoni Kanyosha, mahali watu wanapofulia.

Jumatatu wawili kati yao walikwenda RPA. Hawakuwa na miadi. Walipokelewa mlangoni wakapewa viti. Jana asubuhi na mapema mwandishi, msichana mdogo tu, alifika Gikoto akiwa amepanda moto-taksi. Akafungua bomba mwenyewe, akaweka kinasa sauti chini ya mdomo wa bomba, akarekodi ile sauti ya hewa tupu. Akauliza watu watano au sita. Akahesabu bidoni zilizopangwa foleni. Kisha akiwa amesimama pale pale akampigia simu mhusika mkuu, mara ya kwanza, mara ya pili.

Habari za jioni zikatoa yote, pamoja na ile hewa ya bombani. Mwisho msichana akasema maneno ambayo kila mtu mwenye cheo katika jiji hili anayaogopa kuliko tusi: tumempigia simu, hakupokea. Yakarudiwa kwa Kifaransa, yakarudiwa kwa Kiswahili. Nilikaa nikifikiri juu ya yule bwana nyumbani kwake mezani, mkewe anasikia, watoto wanasikia, shemeji aliyekuja kuomba kazi anasikia.

Leo mafundi wamekuja kabla ya adhuhuri.

Nimesikia watu wenye elimu wakisema redio hizi zinawazoesha wananchi kulalamika. Waje Gikoto waone. Wale kina mama hawakulalamika tu. Walipanda ngazi zote zilizopo, moja baada ya nyingine, na kila ngazi ikawashusha. Redio ilikuwa mahali pekee ambapo mtu mwenye kanga iliyolowa aliweza kuingia, akasema neno, na kesho yake mkubwa akalijibu.

Jumapili, 26 Aprili 2015

Jana chama tawala kimemteua Rais Nkurunziza kugombea tena. Mkataba wa amani wa Arusha unasema mihula miwili. Leo asubuhi vijana wametoka barabarani, hapa kwetu na karitiye nyingine. Mawe, matairi yanawaka, mabomu ya machozi. Nimewaingiza watoto chumba cha nyuma.

RPA, Isanganiro na Bonesha zimekuwa zikitangaza moja kwa moja kutoka mitaani. Wakubwa wamefika studio na kuwakataza. Mchana matangazo ya moja kwa moja yakakoma, tukabaki na taarifa za kusomwa.

Jumatatu, 27 Aprili 2015

RPA imefungwa. Bonesha na Isanganiro zimekatwa mikoani, zinasikika jijini tu. Nyumba ya waandishi wa habari nayo imefungwa.

Kijana wangu wa kazi alizungusha kisahani cha kutafutia stesheni mara nyingi pale RPA ilipokuwa. Nikamwambia aache, ataharibu uzi.

Jumapili, 3 Mei 2015

Tangu RPA ifungwe, usiku umekuwa mrefu. Tunakesha irondo, wanaume wa kila mtaa kwa zamu, na kazi kubwa ya irondo imekuwa kupokea uvumi na kuamua la kufanya nao.

Juzi saa sita za usiku mtu alikuja mbio kutoka upande wa Kamesa akisema Imbonerakure, vijana wa chama tawala, wanashuka mlimani, ni wengi, wana silaha. Simu zikapigwa. Kila aliyepigiwa alikuwa "amesikia". Hakuna aliyeona. Akina mama wakaamsha watoto, wengine wakatoka na magodoro kichwani. Jirani mmoja alimbeba mama yake mgonjwa mgongoni mpaka kwa masista, akamrudisha kulipokucha. Hakuna aliyeshuka mlimani usiku ule. Bibi yule ameumwa zaidi kwa baridi.

Kabla RPA haijafungwa, mtu mmoja wa irondo angepiga simu RPA. Wangemuuliza: umeona kwa macho? Wangempigia mtu wa Kamesa, wangempigia polisi, na saa kumi na mbili asubuhi tungesikia kwamba watu wa Musaga wamelala nje kwa hofu, kwamba hakuna shambulio lililothibitishwa, kwamba msemaji wa polisi amesema hivi na mkazi wa Kamesa amesema vile. Mara ya pili uvumi huo huo ungekuja ukiwa hauna nguvu.

Wanaofunga redio wanadhani wanawanyima watu habari za serikali. Watu habari za serikali watazipata. Wanachonyimwa ni habari za jirani. Kutoka hapa mpaka Kamesa ni umbali wa kutembea, na sasa sijui kuna nini kule.

WhatsApp na Facebook nazo zilizimwa kwenye simu wiki hii. Vijana wamepata njia za kuzunguka. Wanaleta picha zisizo na tarehe wala mahali. Nikiwauliza nani amepiga, wanasema, "Fundi, si unaona?" Naona. Sijui ninachokiona.

Jumatano, 13 Mei 2015

Mchana Jenerali Godefroid Niyombare ametangaza kupitia Isanganiro kwamba Nkurunziza ameondolewa madarakani. Rais yuko Dar es Salaam kwenye mkutano. Musaga yote ipo barabarani, watu wanakumbatiana na wanajeshi. RPA imerudi hewani! Sauti zile zile. Watu wanalia.

Rema FM, redio iliyo upande wa serikali, imevamiwa na kuchomwa. Wengine wanashangilia hilo pia. Mimi sikushangilia. Aliyechoma Rema amemfundisha mwenzake njia.

Usiku, ngurumo kutoka mjini. RPA imekatika katikati ya maneno.

Alhamisi, 14 Mei 2015

Sikukuu ya Kupaa. Makanisa yamefungwa. Jeshi linapigana na jeshi karibu na redio ya taifa. RPA imechomwa. Bonesha, Isanganiro, Renaissance, zote zimeshambuliwa na kuharibiwa. Nimetafuta kila mahali kwenye FM. Ya taifa ipo. Zaidi ya hapo, mvumo tu.

Jumatano, 20 Mei 2015

Mapinduzi yameshindwa, Rais amerudi, na waandishi wanavuka mipaka mmoja mmoja, wengi kwenda Rwanda.

Nimefikiri sana juu ya lile tangazo la jenerali. Kuna wanaosema redio zilijichimbia kaburi kwa kumpa kipaza sauti. Sikubaliani nao, na nimejaribu kwa dhati kuona kama wana haki. Jenerali aliyekuwa mkuu wa ujasusi hadi Februari anapotangaza kwamba amemwondoa rais, hiyo ni habari. Redio inayoificha inastahili kufungwa kwa uzembe. Kushangilia ni jambo jingine. Katika zile saa chache kulikuwa na furaha kwenye sauti za watangazaji ambayo sikuipenda hata mimi niliyekuwa na furaha. Lakini adhabu ya mtangazaji aliyefurahi ni kumwambia kesho yake kwamba amekosea kazi. Si roketi.

Leo nimesikia kupitia redio ya nje kwamba Ijumaa, tarehe 15, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha iliamua kesi ya chama cha waandishi wa Burundi dhidi ya sheria ya habari ya 2013. Mahakama imesema vifungu kadhaa vinavunja mkataba wa Jumuiya, kimojawapo kile cha kumlazimisha mwandishi amtaje aliyempa habari. Waandishi wameshinda. Uamuzi umesomwa siku moja baada ya studio zao kuteketezwa, na wengi wa washindi hawana pa kuutangazia.

Jumamosi, 13 Juni 2015

Kazi imebadilika. Wateja wanaleta redio nzima. Wananunua mawe mapya, redio bado "haiongei", wanadhani imeharibika. Naifungua mbele yao, naweka kipimo, naonyesha kwamba kila kitu kinafanya kazi. Kisha nawaambia kisichofanya kazi ni nini. Sitozi.

Wanaojiweza wanatafuta redio zenye masafa mafupi. FM hufika pale jicho linapofika: mtambo ukiwa juu ya Manga unaliona jiji lote, ukiangushwa jiji limenyamaza. Masafa mafupi hupiga juu angani na kurudi chini, yanatoka mbali sana, hakuna anayeweza kuyachoma kutoka hapa. Basi saa za jioni Musaga imekuwa ya BBC Gahuzamiryango na Sauti ya Amerika. Nashukuru kwamba zipo. Dakika zao ni chache na nchi za kuzisemea ni nyingi.

Jumanne, 21 Julai 2015

Siku ya kura. Usiku ulikuwa wa risasi.

Mwaka 2005 redio binafsi ziliungana, zikagawana mikoa, kila kituo kikapeleka watu wake, na mtu wa Musaga alisikia kura zikihesabiwa kote nchini. Waliosikiliza wakaamini matokeo, hata walioshindwa. Leo nimesikiliza redio ya taifa ikisema uchaguzi unakwenda vizuri. Huenda mahali fulani unakwenda vizuri.

Ijumaa, 20 Novemba 2015

Sauti za RPA zimerudi, ndani ya simu. Waandishi walio Kigali wanatengeneza taarifa, Humura Burundi, na wengine wana Inzamba. Zinatumwa kwa WhatsApp, faili moja la sauti linapita mtaa hadi mtaa. Binti wa jirani analipokea, analileta kwa bluetooth kwa wasio na intaneti. Watu wanasikiliza kwa spika za masikioni, wakigeukia ukuta. Ukikamatwa nalo kwenye simu ni matatizo.

Nasikiliza kila usiku. Nawaheshimu mno. Wamepoteza nyumba, wengine wameacha watoto, na bado wanafanya kazi bila mshahara wa maana. Lakini kuna kitu nimekiona na sijakisikia kikisemwa. Wanazungumzia waliouawa, waliopotea, majenerali, mabalozi, maazimio. Ni lazima wazungumzie hayo. Wasipoyasema wao atayasema nani? Ila hawana tena bomba. Msichana yule wa moto-taksi, kama yuko Kigali, hawezi kuamka alfajiri akaja kuweka kinasa sauti Gikoto. Akimpigia mhusika, mhusika ataona namba ya Rwanda na atafurahi kutopokea. Kutopokea sasa ni uzalendo. Mtu wa kawaida akimpigia yeye, anajihatarisha. Redio iliyofukuzwa inabaki na mambo makubwa tu, na mambo makubwa yanawagawa watu. Bomba lilikuwa linatuunganisha. Mfuasi wa chama tawala wa Gikoto alikuwa na kiu sawa na mpinzani wa Gikoto, na alipoisikia RPA ikimtetea, alilazimika kuisikiliza siku nyingine ilipomkera.

Jumamosi, 12 Desemba 2015

Jana kambi za jeshi zimeshambuliwa, mojawapo hapa Musaga. Leo jeshi limetangaza watu 87 wamekufa. Asubuhi kulikuwa na miili barabarani. Wengine walikuwa wateja wangu. Hakuna aliyekuja kuuliza majina yao.

Ijumaa, 19 Februari 2016

Wameruhusu Isanganiro ifungue, na Rema. Mkurugenzi wa kila moja ametakiwa kusaini ahadi mbele ya Baraza la Taifa la Mawasiliano kwamba kituo chake kitakuwa na uwiano na hakitahatarisha usalama wa nchi. Ni mwaka mmoja kamili tangu tulipompokea Bob.

Kijana mmoja kibandani amesema Isanganiro wamejiuza. Nimemkatalia kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mtu aliyebaki hapa, anayejua askari anaweza kuingia studio wakati wowote, na bado anafungua kipaza sauti saa kumi na mbili asubuhi, hajauza kitu. Atasema robo ya anachokijua. Robo hiyo nitaisikiliza kwa makini, na pale anapovuta pumzi nitasikiliza pia.

Jumamosi, 27 Februari 2021

Daftari hili nililificha miaka mingi, nimelichimbua leo kwa sababu Baraza limeiruhusu Bonesha. Nkurunziza alifariki mwaka jana, na Rais Ndayishimiye mwezi uliopita aliwaambia Baraza wakae na vyombo vya habari wayamalize. BBC na Sauti ya Amerika zenyewe zilifungiwa hapa tangu 2018, na 2019 mlango ukakazwa zaidi; kwa hiyo hata masafa ya nje yalipungua. Nimefurahi kwa ajili ya Bonesha kutoka moyoni.

RPA haimo. Mwezi huu huu imechapishwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka jana: watu 34 kifungo cha maisha kwa mapinduzi ya 2015, wakiwamo waandishi waliokuwa wakiongoza redio, na Bob Rugurika ni mmoja wao. Hawakuwepo mahakamani, hawakuwa na wakili. Mtu aliyeruhusu sauti isikike amehukumiwa sawa na aliyeamuru vifaru.

Jumapili, 28 Machi 2021

Rwanda imeziambia RPA, Inzamba na Renaissance zisitishe matangazo kutoka Kigali. Nchi mbili zinapatana, na mimi nataka zipatane. Mke wangu ana dada kule, hajamwona tangu mipaka ifungwe. Lakini naona bei iliyolipwa, na aliyelipa hakuulizwa.

Kijana wangu mpya wa kazi alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 2015. Ameniuliza RPA ilikuwa nini hasa, chama au redio? Nilidhani nitamweleza juu ya Sinduhije, masista, umati wa barabara ya Muramvya. Nikajikuta namweleza juu ya bomba. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, hata sasa Gikoto hakuna maji. Ni wiki ya pili." Sikujua. Natembea kwenda kule kwa muda mfupi tu, na sikujua.

Nimemwambia aende kesho na kina mama, waandike nyumba zote zisizo na maji, tangu lini, na majina ya ofisi zote walizokwenda na tarehe. Wasiandike neno la siasa hata moja. Wapeleke Isanganiro, na nakala waiweke kwa ajili ya Bonesha. Ameuliza kama watapokelewa bila miadi. Nimemwambia wakae mlangoni mpaka mtu atoke.